Bwana alisikia Mario, bibi alisikia Nokia

Oktoba 2005 mambo mawili yalitokea, kila moja upande wake wa dunia. Kwenye Ziwa Tanganyika, wakimbizi wa Kikongo waliokuwa makambini Kigoma walianza kurudishwa kwao na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, wakavushwa maji na kushushwa Baraka, wilaya ya Fizi, Kivu Kusini. Huko Marekani, mwezi huohuo, kampuni ya Firaxis ikatoa gemu ya kompyuta inayoitwa Civilization IV. Ukiifungua gemu hiyo, kabla hujaanza kucheza, unapokelewa na kwaya. Kwaya inaimba Kiswahili.

Wimbo wenyewe ni "Baba Yetu". Maneno yake ni Sala ya Bwana, ile ambayo mtoto wa Fizi huikariri akiwa bado anakosea kufunga vifungo vya shati. Mwanamke aliyeteremka Baraka siku zile na godoro kichwani hakuwa na kompyuta, na hakuwa na namna ya kujua kwamba vijana wa Ulaya na Amerika walikuwa mbele ya skrini zao wakifuatisha lugha yake bila kuielewa. Leo wimbo uleule unaenea ndani ya simu ya mkononi, tena nafasi inabaki.

Tuwatunge bibi na bwana. Ndugu zetu wa pwani watuwie radhi: katika Kiswahili cha Kivu bibi si nyanya, ni mke. Hawa wawili ni wa kutunga, ila njia walizopita zilikanyagwa na maelfu. Bwana alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na kukulia Uvira, mji wa kaskazini mwa ziwa. Bibi alivushwa maji mgongoni mwa mama yake vita vilipolipuka mwaka 1996, akakulia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huo mkoani Kigoma, akarudi Baraka akiwa msichana wa kuchota maji. Wameoana, wana watoto, na kama ilivyo desturi wanaitana kwa jina la mtoto wa kwanza: Baba fulani, Mama fulani. Jioni, sola ikiwa imeshiba jua, wanaweka simu juu ya sufuria tupu ili sauti ipate tumbo, na wanasikiliza muziki wa gemu za zamani.

Kila mmoja ana zake.

Za bwana zimetoka kwenye kibanda cha video. Aliyekua miaka ile anakijua: kuta za mbao au turubai, jenereta inayonguruma uani, televisheni yenye mgongo mpana, benchi moja, na foleni ya wavulana walioshika noti zilizolegea kwa jasho. Mashine ilikuwa nakala ya Kichina ya Famicom, ile ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Kaseti yake ilijisifu kuwa na gemu 9999999 ndani ya moja. Ukizihesabu kwa utulivu unakuta ni chache, zimerudiwa kwa majina tofauti, lakini nani alikuwa na utulivu huo wakati mwenye kibanda anatazama saa? Karibu kila kaseti ilikuwa na Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Gemu hiyo nzima, pamoja na milima, mawingu, maadui na nyimbo zake zote, ina ukubwa wa kilobaiti 40. Ujumbe wa sauti wa nusu dakika ambao shangazi anautuma WhatsApp kuulizia mahari ni mzito kuliko hapo.

Muziki wake ulitungwa na Koji Kondo, na ubahili ule wa nafasi ndio unaofanya tuuzungumzie hadi leo. Kipande cha sauti ndani ya Famicom kilikuwa na njia tano tu. Mbili zilibeba wimbo kwa sauti kali, ya tatu ikatoa besi laini, ya nne ikachakacha kama mchanga ndani ya kopo, ya tano ikacheza vipande vifupi mno vya sauti iliyorekodiwa. Basi. Mtunzi hakuwa na mpiga tarumbeta wa kumwita wala mwimbaji wa kumbembeleza.

Mkongomani akitajiwa hesabu hiyo hashtuki, maana ndiyo hesabu ya rumba: gitaa la solo, mi-solo, akompa, besi na ngoma. Njia mbili za juu za Famicom zinafanya kazi ya solo na mi-solo. Moja inasema, nyingine inapenyeza jibu pale penye nafasi. Kuna na sebeni, ile sehemu ambayo waimbaji wanakaa pembeni na gitaa linazungusha kifungu kilekile huku watu wakiwa katikati ya uwanja. Kifungu cha sebeni kinatakiwa kijirudie bila kuchosha, kwa sababu hakuna ajuaye wachezaji watataka kukaa humo muda gani. Kondo alikuwa na tatizo hilohilo. Mtoto mmoja ataanguka shimoni sekunde ya tatu, mwingine atazunguka akitafuta uyoga hadi muda umwishie. Wimbo lazima uwasubiri wote wawili. Kiswahili kilishauona undugu huu kabla ya wataalamu: anayecheza gemu anacheza, na anayecheza sebeni anacheza.

Wimbo wa Mario wa juu ya ardhi pia una kuyumba fulani kwa Kikaribiani, na hapo masikio ya Kongo yanajisikia nyumbani. Sahani za santuri za Kyuba, zile za namba zinazoanza na GV, ziliuzwa Afrika kuanzia miaka ya 1930 na zikawa sehemu ya mbegu za rumba, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021 kwa ombi la Kongo zote mbili. (Wakyuba wenyewe walifika Fizi mwaka 1965, zaidi ya mia moja, pamoja na Che Guevara ambaye jina lake la vita lilikuwa Tatu, la Kiswahili. Walikuja kwa vita, wakaondoka Novemba mwaka huo. Safari yao haikuwa ya muziki.)

Ufundi mwingine wa Mario ndio ulioufikisha muziki kwa bibi. Saa ya gemu ikishuka chini ya 100, wimbo unaongeza mwendo. Haubadiliki, unakimbia tu. Space Invaders ya mwaka 1978 ilikuwa imeshafanya jambo la namna hiyo kwa noti nne nzito zinazoshuka na kuharakishwa kadiri maadui wanavyokaribia. Matokeo yake, mtu aliye nje ya kibanda, ambaye haoni skrini, anajua kabisa kwamba ndani kuna kijana anayekaribia kufa. Msichana anayepita na ndoo kichwani anasikia wimbo ukianza kukimbia, anasikia kelele, kisha kicheko. Alisikia gemu nzima kupitia ukutani. Kuingia hakukuwa na katazo lililoandikwa mahali, ila msichana aliyekaa benchi lile angesimuliwa mtaa mzima kabla jua halijazama.

Gemu yake yeye ilikuwa nyoka. Snake iliwekwa kwenye simu ya Nokia 6110 mwaka 1997, kazi ya fundi wa Kifini Taneli Armanto, na ikafika mashambani Afrika ndani ya simu za bei nafuu zilizofuata. Kubwa lao lilikuwa Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi kichwani, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Simu kama hiyo ilikuwa ya baba au ya mjomba, na mtoto aliiazima kwa kisingizio cha kuangalia saa. Nyoka hakuwa na wimbo. Alikuwa na milio tu. Wimbo ulikuja simu ilipoita: sauti moja nyembamba, noti baada ya noti, kile kipande cha "Gran Vals" ambacho Mhispania Francisco Tárrega alikitunga kwa ajili ya gitaa mwaka 1902. Tárrega alifariki mwaka 1909. Sina shaka kwamba hakuna mpiga gitaa wa karne ile aliyesikika sokoni Baraka mara nyingi kuliko yeye, na hakuna aliyesikika huko bila kutajwa jina mara nyingi hivyo.

Kwa hiyo ubishi wa kwanza wa jioni unajileta wenyewe. Bwana anasema huo si muziki wa gemu, ni mlio wa simu. Bibi anajibu kwamba simu ndiyo iliyokuwa na gemu, na mlio ulikuwa ndani ya simu, sasa aonyeshwe mpaka uko wapi. Kuhusu hili bibi ana haki. Sauti ni ileile: kipande kidogo cha umeme kinachoweza kulia kwa namna chache mno, na mtu aliyelazimika kuchagua noti kwa uangalifu kwa sababu hawezi kuzificha nyuma ya vinanda.

Ubishi wa pili ni mzuri zaidi. Bwana, kwa desturi ya wanaume wa rika lake, huzungumza juu ya muziki huu kama mali ya wavulana. Anataja Castlevania, Gradius, Mega Man, Street Fighter II, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetaja wachezaji wa timu yake. Sasa tazama nani waliutunga muziki huo. Gradius ya mwaka 1985: Miki Higashino, mwanamke. Castlevania ya mwaka 1986: mtunzi wake mkuu alikuwa Kinuyo Yamashita, mwanamke. Mega Man ya mwaka 1987: Manami Matsumae, mwanamke. Street Fighter II ya mwaka 1991: karibu muziki wote ni wa Yoko Shimomura, mwanamke. Wavulana wa kibandani walikuwa wakipigana ngumi kwa midundo ya akina dada wa Kijapani na hakuna aliyewaambia.

Sababu mojawapo ya kutoambiwa ni kwamba majina yalifichwa. Kampuni za Japani wakati ule hazikupenda watunzi wao wanyakuliwe na wapinzani, basi mwisho wa gemu yaliandikwa majina ya utani. Anayemaliza Castlevania anasoma kwamba muziki ni wa "James Banana", mzaha juu ya James Bernard, Mwingereza aliyetunga muziki wa filamu za kutisha. Kinuyo Yamashita yumo mle ndani, amevikwa jina la kiume na la ndizi. Bibi wa Baraka akisimuliwa hilo hacheki sana. Anaijua kazi ya mwanamke kuitwa kwa jina la mtu mwingine.

Kati ya nyimbo zote za enzi ile, ile ya Tetris ndiyo yenye habari ya mume na mke, au tuseme ya kabla ya mume na mke. Alexey Pajitnov aliunda Tetris Moscow mwaka 1984; Nintendo walipoiweka kwenye Game Boy mwaka 1989, Hirokazu Tanaka aliipangia wimbo wa asili wa Kirusi, "Korobeiniki", uliotokana na shairi la Nikolai Nekrasov la mwaka 1861. Habari yake ni ya mchuuzi wa vitambaa anayekutana na msichana shambani, na wanaanza kupatana bei. Bei ya vitambaa, kwa nje. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye meza ya vitenge sokoni Baraka anajua jinsi mapatano yanavyoweza kuchelewa kwa makusudi, kitambaa kikikunjuliwa mara ya tatu bila haja, kwa sababu hakuna upande unaotaka yaishe. Mamilioni ya watu wamepanga matofali ya Tetris kwa wimbo huo bila kujua kwamba wanasikiliza watu wawili wakitongozana.

Mashine nazo zina deni na Kivu. Tantali inayotokana na koltani huhifadhi chaji ndani ya vifaa vidogo vya umeme, na mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya koltani ilipaa kwa kishindo kisha ikaanguka mwaka uliofuata. PlayStation 2 ilikuwa imetoka mwaka huo wa 2000, na baadaye wako walioviita vita vya Kongo kwa jina la mashine hiyo. Ni kauli yenye kuvutia macho kuliko ukweli wake. Simu na kompyuta zilitaka tantali pia, na vita vilikuwa na mizizi mingi. Fizi yenyewe inajulikana zaidi kwa dhahabu ya Misisi kuliko koltani. Hata hivyo ni halali mtu akiona kwamba mzigo ulitoka upande huu kwa magunia, na kilichorudi kilikuwa nyimbo kwenye kadi ya memori.

Tukirudi kwa "Baba Yetu", wimbo huo ulianzia kwenye chumba cha bweni. Christopher Tin, Mmarekani aliyezaliwa California mwaka 1976 kwa wazazi waliotoka Hong Kong, alisoma Chuo Kikuu cha Stanford na kuishi chumba kimoja na Soren Johnson. Tin akaenda kwenye muziki, akaongeza masomo London. Johnson akaenda kwenye gemu na kuwa msanifu mkuu wa Civilization IV. Walipokutana tena, Johnson akamwomba rafiki yake wimbo wa ufunguzi. Stanford kulikuwa na kikundi cha waimbaji wasiotumia vyombo, Talisman, ambacho kilipenda nyimbo za Kiafrika, na Tin akaandika akiwa na sauti hizo akilini. Maneno ya Kiswahili yalipangwa na Chris Kiagiri. Talisman ndio wanaosikika ndani ya gemu, gemu ambayo iliuzwa zaidi ya nakala milioni tatu.

Mwaka 2009 Tin aliurekodi upya katika albamu yake "Calling All Dawns", yenye nyimbo 12 katika lugha 12, Kiswahili kikiwa cha kwanza. Safari hii waliuimba Soweto Gospel Choir wa Afrika Kusini. Februari 2011 "Baba Yetu" ukapata tuzo ya Grammy kwa upangaji wa muziki unaosindikiza waimbaji, na ukawa wimbo wa kwanza kabisa uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata Grammy. Hebu rudia sentensi hiyo polepole. Kati ya lugha zote za dunia, pamoja na Kijapani cha Kondo na Shimomura, mlango ulifunguliwa kwa Kiswahili. Grammy wenyewe walichelewa kuweka tuzo maalumu ya muziki wa gemu hadi 2023. Mwaka huohuo Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo wa Mario kwenye hifadhi yake ya rekodi za taifa, wa kwanza wa gemu kuingia humo. Na Dubai, pale chemchemi kubwa inaporusha maji kwa muziki, "Baba Yetu" nao umewahi kuwa katika nyimbo zake, ukisikilizwa na watalii pamoja na walinzi na madereva wa Afrika Mashariki ambao pengine ndio peke yao wanaoelewa kinachosemwa.

Nyumbani Baraka wimbo huu unasikilizwa vingine. Mgeni huusikia kama sauti kubwa ya Afrika, uwanda mpana na jua linalochomoza. Bibi na bwana wanausikia kama kwaya, na Fizi kwaya ni jambo la kitaalamu. Katoliki, Methodisti, Wapentekoste, kila kanisa lina sauti ya kwanza, ya pili, tenori na besi, mazoezi katikati ya wiki, sare zinazochangiwa, na mtu mmoja aliyenuna kwa sababu hakupewa kuongoza. Kwa hiyo kabla ya kuguswa, wanakagua. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Je, wamekazia hapo? Hili neno wamelivuta kupita kiasi? Kijana anayeongoza, amesalimika alipopanda juu? Bibi, aliyeimba sauti ya kwanza tangu Nyarugusu, anasimamisha wimbo na kuonyesha yeye angeingilia wapi. Bwana, ambaye hajawahi kuimba kwaya bali amesikiliza sebeni na Mario maisha yake yote, anatazama chini ya sauti: ngoma zinafanya nini, besi inarudi lini. Ukiwaweka pamoja unapata sikio moja kamili.

Kuna upole fulani katika kusikiliza muziki ambao haukutungwa kwa ajili ya wapenzi. Rumba inakuambia la kufanya: hapa lia, hapa omba msamaha, hapa mtaje mfadhili aliyelipa jina lake litajwe. Wimbo wa Mario hauna maneno, hivyo kila mmoja anautia yake. Kwa bwana ni harufu ya petroli ya jenereta na kaka yake mkubwa akimnyang'anya rimoti ya kuchezea. Kwa bibi ni ndoo, na kicheko cha watu asiowaona. Miaka ilipita kabla hawajagundua kwamba walikuwa na wimbo mmoja, mmoja akiwa ndani ya ukuta na mwingine nje.

Julai 2021, michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa Tokyo, Wajapani walizipitisha timu zote uwanjani kwa muziki wa gemu, wakianza na wimbo wa Dragon Quest wa Koichi Sugiyama. Wakenya na Watanzania walipita hivyo, na wanamichezo wa Kongo nao, bendera ya buluu yenye nyota mbele yao. Watangazaji wengi waliendelea kusoma majina ya nchi. Mtu wa kibanda cha video, popote alipokuwa, aliinua kichwa.

Ziwani usiku wa giza la mwezi taa za wavuvi wa ndagala zimejipanga kama mji wa pili. Simu iliyo juu ya sufuria imebaki asilimia tisa. Bwana anataka Mario mara moja ya mwisho, ule wa chini ya ardhi, mfupi. Bibi anataka "Baba Yetu" kuanzia pale kwaya yote inapoingia. Betri haitoshi kwa mambo yote mawili, na wameanza kupatana bila haraka, kama watu wa vitambaa. Wimbo wa bibi ndio unaoanza. Haujafika mbali, kutoka jikoni simu yake ya kitochi inalia, sauti moja nyembamba, noti baada ya noti.

"Tárrega," anasema bwana, na kubonyeza kusimamisha.

Bibi ameshainuka. "Alo?"